Mwepesi Kwanza

Bi Dasta alikuwa amefuta ubao mmoja kwa miaka kumi na tisa. Jina hilo hakupewa na mamake. Walimbandika wanafunzi wa sekondari, kwa sababu kila kengele ikilia walimkuta mlangoni, dasta mkononi, fagio kwapani, na macho yale ya mtu anayejua nani kajamba darasani ila hasemi. Elimu yake yeye iliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe alilimaliza kwa kuburuzwa. Lakini ubao una tabia yake: huwezi kuufuta bila kuutazama. Mwalimu wa historia aliujaza maneno mpaka kwenye fremu, huyo alifutwa bila huruma. Mwalimu wa fizikia alichora, na michoro Bi Dasta aliifuta taratibu, kama anayemwosha mtoto uso.

Kila mwaka, muhula wa kwanza, ulikuja mchoro wa jiwe. Mwalimu alichora ghorofa, akachora jiwe linaanguka, na kila sekunde akaliwekea nukta. Nukta zile hazikupangana sawa. Juu zilikaribiana, kadiri zinavyoshuka zikaachana. Mwaka wa kwanza Bi Dasta alidhani mwalimu ana mkono mbovu. Mwaka wa tatu akaelewa ni makusudi: jiwe likiachiwa haliendi mwendo mmoja, dunia inalivuta, na kila likivutwa linazidi kukimbia, kama mtu anayeteremka mlima mkali akashindwa kujizuia. Mwalimu aliita mchapuko. Bi Dasta aliita jiwe kunogewa.

Kwenye stoo ya maabara nako kulikuwa na mizani ya kusimamia, ile yenye sahani na mshale. Akibaki peke yake, Bi Dasta hupanda juu. Akisimama kimya mshale unasema ukweli wake, ukweli ambao hakumwambia mtu. Akijirusha kidogo, pale anapojisukuma kwenda juu, mshale unaruka kama umetukanwa. Alijaribu mara nyingi, mtu mzima na makalio yake, akicheka peke yake: kumbe mtu akitaka kuruka kwanza anakuwa mzito.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na machimbo ya mawe, na huko alifanya kazi mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Kwa wembamba wake walimwita Sindano. Mama alipofariki, Sindano alikuwa hajaota meno, na Bi Dasta alimlea kwa mgongo huuhuu. Sasa jamaa ana ndevu, lakini kila asubuhi bado anamwamsha kwa kumvuta kidole gumba cha mguu.

Asubuhi ya siku yenyewe Sindano alisema, anafunga kamba za viatu, "Dada, leo tunashuka Shimo la Tatu. Mimi na mwenzangu Pipa."

"Mnafuata nini huko?"

"Maji. Nyapara anasema tukichimba kidogo tu chini tutayapata, tuache kubeba madumu."

"Haya. Ukiyaona usiyanywe, yamekaa na vyura miaka yote."

Wakacheka, wakaagana. Hakufikiria zaidi.

Mashimo yale yalichimbwa zamani na watu waliotafuta madini wakakosa, wakaondoka na kuacha matundu. Yalikuwa matatu, na wachimba mawe waliyapa majina kwa kuhesabu. Unalala kifudifudi ukingoni, unaachia jiwe, unaanza, moja, mbili, mpaka usikie limetua. Shimo la Moja, jiwe linatua kwenye moja. La Mbili, kwenye mbili. La Tatu, kwenye tatu. Lile la Moja liliwahi kupimwa kwa futi kamba, likawa mita tano kamili. Yale mengine nani ahangaike? Kama moja ni tano, mbili ni kumi, na tatu ni kumi na tano. Kila mtu machimboni aliijua hesabu hiyo, hata mlinzi, hata mbwa wa mlinzi, na kwa hesabu hiyohiyo walinunua kamba ya mita ishirini.

Saa nne kasorobo Bi Dasta aliingia darasani, akainua dasta, akakuta mchoro wa jiwe. Mkono ukabaki hewani.

Safari hii mwalimu alikuwa ameandika namba kando ya nukta. Sekunde ya kwanza, 5. Ya pili, 20. Ya tatu, 45.

Mwalimu alikuwa bado anakusanya chaki zake. Bi Dasta akamuuliza, "Mwalimu, hii arobaini na tano ni nini?"

"Mita. Jiwe likianguka sekunde tatu limeshuka mita arobaini na tano. Zile desimali nimeziacha, wataumwa vichwa."

"Si kumi na tano?"

"Wengi hudhani hivyo," mwalimu akasema, akafurahi kama aliyepata mwanafunzi. "Shimo la mita kumi na tano, jiwe lingetua hata kabla ya mbili."

"Na mtu akishuka shimo la sekunde tatu na kamba ya mita ishirini?"

Mwalimu akacheka. "Ataning'inia kama popo. Kwani vipi?"

Bi Dasta alimweleza. Mwalimu akaacha kucheka, akatazama saa. "Nina kipindi," alisema. "Waambie wasishuke, mimi nitapita saa saba." Na kwa haki ya Mungu, saa saba alipita.

Bi Dasta alivuka barabara mbio, dasta bado mkononi, chaki ikimwagika kwenye gauni. Machimboni alikuta winchi ya mkono imesimikwa juu ya Shimo la Tatu, watu wawili kwenye mpini, na Nyapara kando na filimbi yake shingoni. Kamba ilikuwa inapanda. Ikatokea ndoo imejaa udongo mweusi na majani makavu.

"Wako wapi?"

"Chini, wanachimba," Nyapara akajibu. "Leo wanafunzi wamekufukuza?"

"Kamba imefika chini?"

"Imefika na imebaki. Nilitanguliza jiwe lililofungwa kwenye ncha, kamba ikalegea kwenye kumi na tano. Akashuka Sindano, akasimama. Akashuka Pipa, akasimama. Na Pipa akisimama mahali, mama, hapo ni mahali."

Watu wa winchi wakacheka. Pipa alikuwa mtu wa kilo mia na kitu, mcheshi, mtu ambaye akiingia kwenye kibanda cha chai wengine huinuka wenyewe.

Bi Dasta alipiga magoti ukingoni. Kule chini aliona taa mbili ndogo za kichwani zikitembea.

"Wee Sindano!"

"Naam dada!" Sauti ikapanda na mwangwi. "Umeniletea chakula?"

"Mmefunga kamba viunoni?"

"Kamba ya nini tena? Kamba ni ya ndoo. Sisi tuko chini!"

"Hamko chini!"

Kicheko cha Pipa kikaja kama ngoma kutoka ndani ya chungu. "Bi Dasta, nimesimama kwa miguu yangu miwili! Wewe uko juu huko na dasta, mimi niko huku na sepetu, nani anajua sakafu?"

Nyapara akamshika bega. "Bi Dasta, rudi shuleni. Hesabu yetu imesema kumi na tano, kamba imesema kumi na tano. Unataka ushahidi gani, wa polisi?"

Hapo ndipo Bi Dasta alipoona kosa lake. Alikuwa amekuja na wazo kwamba kamba ni fupi. Kumbe kamba imegusa. Imegusa kitu kwenye kumi na tano, na jiwe linaanguka mpaka tatu. Mambo hayo mawili hayawezi kuzungumzia sakafu moja.

"Jiwe lenu huwa mnaliachia wapi?" akauliza.

"Pale ukingoni, kwenye ubapa wa mwamba. Ndipo tunapolala."

"Na kamba?"

"Katikati. Winchi iko katikati, huoni?"

Aliinama tena. "Sindano! Upande niliko mimi, chini ya huu ubapa, ukutani, kuna tundu?"

"Lipo, kama sahani hivi. Nusura nitumbukize mguu."

"Okota kokoto. Lidondoshe humo, usilirushe, uliachie tu. Uhesabu kwa sauti."

"Dada, tuna kazi huku."

"Mwanangu, nimekubeba mgongoni miaka mitatu ukinikojolea. Hesabu!"

Wote wakasikia. "Moja," Sindano alisema, na bado mzaha ulikuwamo. "Mbili." Mzaha ukatoka. Akafungua mdomo kusema tatu, na kabla hajaitamka, mlio mdogo ukaja kutoka mbali sana, kokoto likigonga maji.

Pipa akauliza kwa sauti ya chini ambayo shimo liliibeba yote, "Imelia wapi hiyo?"

"Chini yetu," Sindano akasema.

Walikuwa wamesimama juu ya magogo. Watu wa zamani waliyapitisha toka ukuta hadi ukuta wakati wanachimba, wakajengea jukwaa la kupumzikia, na miaka yote hiyo majani na udongo vimeanguka juu yake mpaka likafanana na ardhi. Na tangu asubuhi watu wawili walikuwa wanaligonga kwa sepetu.

"Msitembee," Bi Dasta akawaambia. "Na asiruke mtu. Ukiruka unakuwa mzito kabla hujapaa. Simameni kama mmechorwa."

Safari hii hakuna aliyemcheka. Nyapara alikuwa ameshaifungua ndoo, na kamba iko mikononi mwake. Kamba ni moja. Winchi ni ya mtu mmoja. Akamgeukia Bi Dasta. Katika maisha yake yote, hakuna mtu mwenye filimbi aliyewahi kumuuliza Bi Dasta kitu zaidi ya kumwambia apishe.

"Nani aanze?"

Alijua. Hilo lisemwe wazi, maana baadaye watu walitaka kulifunika. Hesabu ile haikuhitaji hata darasa la saba. Magogo yamebeba wawili. Ukimtoa Pipa, umeyatua zaidi ya nusu ya mzigo, na Sindano anaweza kukaa juu ya magogo kama shomoro mpaka kamba irudi. Ukimtoa Sindano, magogo hayatajua hata kama ametoka. Mzito kwanza. Aliliona jambo hilo wazi kama mshale wa mizani.

Aliona pia kwamba kumvuta mtu wa kilo mia kwa winchi ya mkono ni dakika nyingi, na dakika zote hizo Sindano atakuwa amesimama kule.

"Mwepesi kwanza," akasema.

"Kwa nini?"

"Anapanda haraka. Kamba inarudi mapema." Aliyasema kwa sauti ya mwalimu, na mkono wake wenye dasta ukanyooka wenyewe, ukielekeza.

Nyapara akaitikia kwa kichwa. Watu wa winchi wakaitikia. Kule chini Pipa akasema, "Haya Sindano, funga. Mimi unene umeniponza tena. Hata foleni ya kutoka shimoni naambiwa nipishe."

"Kaka, nitakurushia kamba mwenyewe," Sindano akamwambia.

"Utanirushia nini, imekaa kwenye gurudumu. Nenda bwana. Na kiti changu cha chai asikalie mtu."

Wakamvuta. Bi Dasta alisikia mpini ukilia, kila mzunguko mlio mmoja, na kila mlio akaumeza. Taa moja ikapanda. Taa nyingine ikabaki, haitikisiki. Pipa alikuwa amesimama kama alivyoambiwa. Alikuwa mtu msikivu, Pipa, hakuna aliyemjua ambaye angekataa hilo.

Kichwa cha Sindano kilitokea, kisha mabega. Bi Dasta alimkamata kwapani akamwangusha juu ya mawe, akamlalia, akamshika masikio yote mawili kama anayetaka kuhakikisha yamo.

"Kamba, kamba!" Sindano alikuwa anapiga kelele chini yake. "Niacheni, irudisheni kamba!"

Ikarudi. Iliteremka haraka, watu wa winchi wameachia mpini ujizungushe. Pipa akaita, "Naiona. Inakuja." Halafu, "Imenipita kidogo upande wa kushoto." Halafu, "Nimeishika. Naizungusha kiunoni, subirini, kiuno changu si cha mara moja..."

Mlio ulikuwa mdogo, kama mtu anayevunja muwa gotini. Kisha mwingine. Pipa hakupiga kelele. Alisema "Ah," kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani, na taa ikaondoka.

Bi Dasta hakutaka kuhesabu. Kichwa kilihesabu chenyewe. Moja. Mbili. Na katikati ya mbili na tatu, maji.

Mpini wa winchi ulijizungusha mara moja, ukatulia. Kamba ilikuwa inabembea, haina kitu.

Walimtoa siku ya pili. Nyapara alimfuata Bi Dasta shuleni kwa miguu yake kumuuliza waunge kamba ya mita ngapi, akamjibu arobaini na tano na kumi za akiba, na ilitosha. Watu sita walizungusha mpini kwa zamu. Mwalimu wa fizikia alikuja, akasimama nyuma ya umati, akaondoka bila kusalimia.

Kwenye mazishi mke wa Pipa alimkumbatia Bi Dasta. "Wameniambia bila wewe wangekwenda wote wawili," akasema begani mwake. "Angalau mmoja amepona. Mungu akulipe, dada." Alikuwa mwanamke mdogo, mfupi, watu walizoea kuwatania, pipa na kifuniko. Bi Dasta, ambaye hata kwenye msiba wa mumewe mwenyewe alichekesha watu, alimpigapiga mgongoni kama anayebembeleza mtoto wa mtu mwingine, akaenda kuosha vyombo.

Sindano alirudi kazini wiki iliyofuata. Jioni yake aliingia ndani akiwa na kitu kama furaha, ya kwanza tangu siku ile. "Dada, umekuwa mkubwa. Nyapara ameandika kibao pale mashimoni, rangi nyekundu. Cha kwanza kasema kila shimo lipimwe kwa kamba na kwa jiwe, vyote viwili. Cha pili kasema watu wakikwama, mwepesi kwanza. Kesho asubuhi anawasomea wote. Wanashuka Shimo la Mbili kulikagua kabla ya kulifunga, wanne kwa mpigo."

Bi Dasta alikuwa anakunja nguo. Aliikunja ileile mara tatu.

"Mbona huli?" Sindano akamuuliza baadaye.

"Nimeshiba maneno yako."

Asubuhi hakwenda shuleni. Alivuka barabara akakuta wanaume arobaini wamepangwa mbele ya kibao, na Nyapara anasoma kwa sauti ya kanisani. Mke wa Pipa alikuwapo pembeni. Alikuwa amekuja kuchukua buti na koti la marehemu, buti kubwa ambazo hakuna mwingine aliyeweza kuzivaa, na amezikumbatia kifuani.

"Mwepesi kwanza!" Nyapara akasoma.

"Mwepesi kwanza!" wakaitikia.

"Kibao kimekosewa," Bi Dasta akasema.

Wakageuka. Mtu mmoja akacheka, akidhani ni utani wake wa siku zote, amekuja kusahihisha mwandiko.

"Herufi gani?" Nyapara akauliza kwa upole.

"Si herufi. Ni mzito kwanza. Ukimtoa mzito, umewatua waliobaki. Ukimtoa mwepesi, umewaacha na mzigo uleule. Mkilifuata hilo lililoandikwa, mtazika tena."

Nyapara alitazama kibao, akamtazama yeye. "Lakini ni wewe uliyesema."

"Ni mimi."

"Basi ulikosea. Siku ile kila mtu alichanganyikiwa." Alisema haraka, kama mtu anayemfungulia mgeni mlango wa nyuma. Na mlango ulikuwa wazi kabisa. Bi Dasta aliuona, na nje yake aliona maisha yake yaliyobaki, ubao na dasta, na watu wanaomwamkia njiani.

"Dada," Sindano akasema kutoka kwenye mstari. "Dada, twende nyumbani."

"Sikukosea," Bi Dasta akasema. "Nilikuwa najua."

Upepo ulipita machimboni, vumbi jeupe likawapanda wote miguuni. Nyapara alivua kofia, akaishika tu, hakujua aiweke wapi. Kisha akamwambia mtu aliyekuwa karibu alete brashi.

Mke wa Pipa aliinama akaziweka buti chini, moja kando ya nyingine. Hakumtazama Bi Dasta. Alimtazama Sindano, kuanzia kichwani mpaka miguuni, taratibu, kama mtu anayekisia uzito wa kitu kabla ya kukiinua.